Hodi Isiyokoma

Mgonjwa aliyeshikwa vibaya na kipindupindu anaweza kupoteza lita moja ya maji kila saa. Macho yanazama, sauti inakatika, ngozi ya tumbo ukiibana hairudi upesi mahali pake. Mtu aliyeamka mzima asubuhi anaweza kuwa maiti kabla ya usiku kuingia. Haishangazi kwamba kwa miaka mingi madaktari waliamini ukuta wa utumbo wa mgonjwa huyo umebanduka. Walikuwa na ushahidi, maana walipopasua maiti waliukuta utando wa ndani umechubuka vipande vipande. Maji yote hayo yangetoka wapi kama si kwenye jeraha?

Mwaka 1959, kipindupindu kilipoikumba Bangkok, Mmarekani Eugene Gangarosa na wenzake waliamua kuwatazama wagonjwa wangali hai. Waliwamezesha kifaa kidogo kinachoteremka hadi kwenye utumbo mwembamba na kukata kinyofu cha nyama. Chini ya hadubini seli zilikuwa zimesimama mahali pake, safu kwa safu, bila mchubuko. Walichokiona wapasuaji wa maiti kilikuwa uozo uliokuja baada ya kifo. Taarifa yao ilichapishwa 1960, na swali likageuka. Utumbo haukuwa umejeruhiwa. Ulikuwa kazini, tena kwa bidii ya ajabu, ukimwaga maji kama ulioamrishwa. Nani alikuwa ametoa amri hiyo?

Sehemu ya kwanza ya jibu ilikuwa tayari imepatikana Calcutta. Mtaalamu wa patholojia Sambhu Nath De, aliyefanya kazi na vifaa vichache mno, alifunga kipande cha utumbo wa sungura kwa uzi pande zote mbili, kisha akaingiza humo majimaji ambamo bakteria wa kipindupindu walikuwa wamekuzwa na baadaye kuchujwa wote. Hakuwamo bakteria hata mmoja, lakini kipande kile kilijaa maji. Kumbe bakteria mwenyewe si lazima awepo. Inatosha aache alichokitema. Robert Koch, aliyemkuza bakteria huyo peke yake katika jiji hilohilo mwaka 1884, alikuwa ameshuku kwamba kuna sumu. De aliithibitisha 1959, miaka 75 baadaye. Joshua Lederberg, mwenye Nobel yake mwenyewe, alilipendekeza jina la De zaidi ya mara moja, lakini De alifariki 1985 bila kupewa tuzo hiyo. Kwangu mimi hilo ni moja ya mapengo makubwa katika orodha ya waliotunukiwa.

Lakini sumu inafanya nini ndani ya seli ambayo haiiui wala kuipasua? Ili kulielewa jibu, inabidi tuondoke Calcutta na utumbo, twende Cleveland, Marekani, tukatazame ini.

Miaka ya 1950 Earl Sutherland alikuwa akiuliza jambo lililoonekana halihusiani na ugonjwa wowote wa kuhara. Mtu anaposhtuka, adrenalini humwagika katika damu, na ini hutoa sukari. Je, adrenalini inaliambiaje ini lifanye hivyo? Sutherland na mwenzake Theodore Rall walizisaga seli za ini na kuzitenganisha, utando upande mmoja, majimaji ya ndani upande mwingine. Wakauwekea utando adrenalini. Wakachukua kilichotokea hapo, wakakichemsha kiasi cha kuharibu protini zote, kisha wakakitia katika yale majimaji ya ndani. Kazi ya kuvunja akiba ya sukari ikaanza, ingawa adrenalini yenyewe haikuwa na la kufanya humo. Kitu kidogo kisichoharibiwa na moto ndicho kilichobeba habari. Kiliitwa saikliki AMP, na wanasayansi wakakipa cheo cha mjumbe wa pili.

Adrenalini, basi, haiingii ndani ya seli. Inafanya anavyofanya mgeni mwenye adabu, inasimama nje na kupiga hodi. Aliye ndani husikia na kumtuma mtu wa ndani ashughulike. Na hodi ina kanuni zake: ukishaitikiwa hupigi tena, na usipoitikiwa mara tatu unageuza ulikotoka. Kanuni hiyo ya kunyamaza ndiyo inayonishughulisha katika sura hii yote. Tumezoea kudhani kwamba afya ya seli ni kusikia vizuri. Utafiti wa miaka 60 iliyopita unaonyesha kwamba kunyamaza kwa wakati ni nusu ya afya, na pengine zaidi ya nusu.

Kati ya kipokezi kilicho juu ya utando na kimeng'enya kinachotengeneza saikliki AMP kulikuwa na pengo. Martin Rodbell, wa Bethesda, Marekani, aligundua kwamba ujumbe haupiti bila molekuli moja iitwayo GTP. Alfred Gilman, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Virginia, akaipata na kuisafisha protini inayoishika hiyo GTP. Leo tunaziita protini za G, na wawili hao walipewa Nobel ya tiba 1994. Utendaji wake ni mzuri kuutazama. Protini ikiwa imetulia hushika GDP, yaani GTP iliyokwisha kukatwa. Kipokezi kikiguswa, inaiachia GDP na kushika GTP, na hapo inakuwa imeamka; inakwenda kukichochea kimeng'enya, na saikliki AMP inaanza kutengenezwa. Kisha protini hiyohiyo, bila kuambiwa na mtu, inaikata GTP yake ikawa GDP tena na kurudi kulala. Huchukua sekunde chache. Haingoji amri ya kusimama, kwa kuwa kusimama kumo ndani ya umbo lake.

Mwaka 1977, huko Jerusalem, Dan Cassel na Zvi Selinger walionyesha kwamba sumu ya kipindupindu inaigusa hatua hiyo ya mwisho. Protini iliyokutana na sumu inaamka kama kawaida, ila haiwezi tena kuikata GTP. Haitalala.

Hebu tuifuate sumu yenyewe, maana safari yake inastaajabisha. Imeundwa kwa vipande sita, vitano vya aina moja vilivyopangika duara, na kimoja kilichochomoza juu yao. Vile vitano ni vya kushika tu. Vinanasa mafuta yenye sukari yaitwayo GM1 yaliyo juu ya seli za utumbo, na seli, bila kujua, inaivuta sumu ndani. Vitu vingi vinavyovutwa hivyo huishia kumeng'enywa. Sumu hii inapita njia ya kinyumenyume, hadi sehemu ambako seli hukunja protini zake mpya. Huko kuna utaratibu wa kuzikagua protini zilizokunjwa vibaya na kuzitupa nje zikaharibiwe. Kipande cha sita hujikunjua, kinajifanya protini mbovu, kinatupwa nje kwa utaratibu huohuo, na kikishafika kwenye majimaji ya seli hujikunja tena na kuwa kizima. Alama ambazo seli hubandika kwenye taka zake hushikamana zaidi na asidi amino iitwayo lisini, na kipande hiki kina lisini chache sana. Kwa hiyo vingi huponea hapo.

Kikishakuwa huru, kinaitafuta protini ya G na kubandika kitu juu ya asidi amino moja tu, arginini iliyo mahali pa 201. Kipande kimoja kinaweza kuharibu protini nyingi, kwa sababu ni kimeng'enya na hakiishi kwa kutumika. Saikliki AMP inafurika. Inaamsha kimeng'enya kingine, nacho kinafungua mfereji wa kloraidi ulio upande wa ndani ya utumbo, unaojulikana kwa herufi CFTR. Kloraidi inatoka, sodiamu inaifuata, maji yanafuata chumvi. Wakati huohuo ujumbe uleule unazuia njia mojawapo kuu ya kufyonza sodiamu kurudi mwilini. Hivyo ndivyo seli nzima kabisa, zisizo na mkwaruzo, zinavyoweza kummaliza mwenye mwili.

Ile arginini ya 201 haikuishia kwenye habari za bakteria. Mwaka 1989 watafiti wa San Francisco walikuwa wakichunguza uvimbe wa tezi ya pituitari kwa watu ambao mikono, miguu na taya huendelea kukua ukubwani. Katika uvimbe mwingi wakakuta jeni ya protini hiyohiyo ya G imegeuka, na mahali palipogeuka mara nyingi zaidi ni pale pa 201. Miaka miwili baadaye watafiti wa Bethesda walipata badiliko la mahali papo hapo kwa watoto wenye ugonjwa wa McCune-Albright. Mtoto wa namna hiyo ana mabaka ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, mifupa inayovunjika kirahisi, na akiwa msichana huweza kuvunja ungo akiwa na umri wa miaka michache tu. Ukitazama juu juu huoni uhusiano wa baka na hedhi. Lakini seli zinazotia ngozi rangi, seli za ovari na seli za mifupa zote huendeshwa na protini hii, na kila moja, ikiamini imepigiwa hodi, inafanya kazi yake iliyozoea. Badiliko hutokea katika seli moja mtoto angali tumboni, na wazao wa seli hiyo tu ndio hubeba kasoro. Ndiyo maana mabaka yako hapa na hayako pale. Hakuna mgeni mlangoni. Homoni za kubalehe zinazotoka kwenye ubongo zinaweza zisiwepo kabisa katika damu ya mtoto yule.

Bakteria wengine nao wameufikia mfumo huu kwa njia zao. Wa kifaduro huiharibu protini ndugu, ile yenye kazi ya kupunguza saikliki AMP. Wa kimeta huingiza kimeng'enya chake mwenyewe cha kuitengeneza.

Mtu akisoma hadi hapa anaweza kuiona saikliki AMP kama adui. Sivyo. Pampu ya pumu yenye salbutamol hufungua njia za hewa kwa kuipandisha saikliki AMP katika misuli ya mapafu. Semaglutaidi, dawa ya kisukari na unene inayozungumzwa mno siku hizi, inaiga homoni ya utumbo ambayo huziambia seli za kongosho zitoe insulini sukari inapopanda, na inapita kwenye protini ileile ya G na mjumbe yuleyule. Molekuli iliyomkausha mgonjwa wa Bangkok ndiyo inayompa pumzi mwenye pumu. Takriban theluthi moja ya dawa zote zilizoidhinishwa hufanya kazi kupitia vipokezi vya jamii hii.

Hapo ndipo lilipo fumbo ambalo watafiti wa miaka hii wamelivalia njuga. Kama mjumbe ni mmoja, seli inajuaje nani aliyebisha? Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 wanasayansi waliona kwamba seli za moyo zikipewa dawa inayofanana na adrenalini, saikliki AMP inapanda na moyo unadunda kwa nguvu. Zikipewa prostaglandini, saikliki AMP inapanda vilevile, na mdundo hauongezeki. Hesabu ya jumla haikueleza lolote. Ilibidi kujua mjumbe yuko wapi. Tatizo ni kwamba molekuli ndogo kama hiyo ilidhaniwa inasambaa seli nzima kufumba na kufumbua. Mwaka 2020 kundi la Andreas Bock na Martin Lohse, Berlin, lilionyesha kwamba katika hali ya kawaida sehemu kubwa ya saikliki AMP haielei huru. Imeshikwa na protini, na vimeng'enya vya kuiharibu huweza kulinda vieneo vyenye upana wa nanomita chache ambamo mjumbe ni haba. Mwaka 2022 kundi la Berlin likaenda mbele zaidi na kuonyesha kwamba kila kipokezi, kile cha homoni ya utumbo na kile cha adrenalini, huweza kuwa na kieneo chake cha saikliki AMP, kisichochanganyika na cha jirani.

Naona matokeo hayo ni makubwa kuliko yanavyosikika. Yanamaanisha kwamba ujumbe wa seli una mipaka miwili, ya muda na ya mahali. Sumu ya kipindupindu inavunja yote miwili kwa pamoja: protini hailali, na mjumbe anazidi uwezo wa wale wanaomshika. Tunapoulizwa kwa nini mjumbe wa kila siku anageuka muuaji, jibu si kwamba amebadilika. Amekosa mpaka.

Sasa tiba. Mtu angetarajia kwamba baada ya elimu yote hii dawa ya kipindupindu ingekuwa kitu cha kuizima protini ya G. Haikuwa hivyo, na namna ilivyokuwa ni fundisho zuri kuliko yote niyajuayo katika sayansi hii. Mwaka 1960, katika mkutano Prague, Robert Crane alieleza kwamba seli za utumbo zinafyonza glukosi kwa kuifunga pamoja na sodiamu. Njia hiyo haiongozwi na ujumbe ulioharibiwa na sumu. Protini ya G inaweza kuwa macho usiku kucha, CFTR ikawa wazi, na bado mtu akinywa chumvi na glukosi pamoja, kwa vipimo vinavyooana, vyote viwili vinaingia na maji yanaingia navyo. Chumvi peke yake haitoshi. Glukosi peke yake haitoshi. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walilithibitisha jambo hili kwa wagonjwa wa kipindupindu huko Dhaka.

Kisha ukaja 1971. Vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwasukuma mamilioni kuvuka mpaka kuingia India, na katika kambi za Bangaon kipindupindu kikalipuka. Dilip Mahalanabis, daktari wa watoto, alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na dripu zinakwisha. Akaamuru glukosi na chumvi vichanganywe na kutiwa mifukoni, vikorogwe katika maji, na ndugu za wagonjwa wapewe vikombe wawanyweshe wao wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka hadi asilimia 3.6 kwa waliotibiwa hivyo. Mwaka huohuo, Stockholm, Sutherland alitunukiwa Nobel kwa ajili ya saikliki AMP. Hakuna kati yao aliyemhitaji mwenzake ili afanye kazi yake, lakini ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja ndipo unaona kwa nini kikombe kile kilifanya kazi. Mahalanabis alifariki 2022.

Kuna jambo moja zaidi linalosahauliwa. Maji ya chumvi na sukari hayaizimi sumu, na kuhara kunaendelea. Antibiotiki kama doksisaiklini huua bakteria na kufupisha ugonjwa, lakini protini ambayo imekwisha kuharibika haitengenezwi na dawa hiyo. Nini basi kinachomaliza ugonjwa? Seli za ukuta wa utumbo huishi siku tatu hadi tano, hupukutika, na mpya hupanda kushika nafasi zake. Hodi inakoma kwa sababu nyumba yenyewe inabomoka na kujengwa nyingine. Kazi ya kikombe ni kumshikilia mtu hai mpaka siku hizo zipite. Kwa hiyo mama anayemnywesha mtoto kijiko kwa kijiko na kuona bado anaharisha asidhani dawa imeshindwa. Awe na pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko huo uliokwisha kupimwa, au kama hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, na aendelee huku akimkimbiza mtoto kituo cha afya. Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umepunguziwa chumvi na glukosi kuliko ule wa zamani, na glukosi na sodiamu humo zimewekwa sawa kwa sawa, milimoli 75 kwa kila lita.

Mfereji wa CFTR, kwa upande wake, umefungua milango miwili inayotazamana. Wapo watoto, wengi wao wenye asili ya Ulaya, wanaozaliwa na mfereji huo ukiwa mbovu. Kamasi nzito huziba mapafu yao. Jeni yake ilipatikana 1989, dawa ya kwanza ya kuusaidia mfereji kufunguka, ivakafta, ikaidhinishwa 2012, na mchanganyiko wa dawa tatu ukafuata 2019. Kwa hao, watafiti wanataka mfereji ufunguke. Kwa mwenye kipindupindu wanataka ufungwe. Utomvu mwekundu wa mti wa Amazon, Croton lechleri, umetoa dawa iitwayo krofelema, inayobana mfereji huo, nayo iliidhinishwa Marekani 2012 kwa kuhara kwa watu wenye VVU wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Nina matumaini na njia hii, hasa kwa mgonjwa anayefika akiwa ameshachelewa na kila lita inayozuiwa ina maana.

Na bakteria anafaidika nini? Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kuhara humsaidia kusambaa kwenye maji, na hilo ni kweli. Mwaka 2019 Fabian Rivera-Chávez na John Mekalanos wa Harvard waliongeza jingine: sumu hubadilisha mazingira ya utumbo hivi kwamba bakteria anapata chuma kutoka kwenye damu ya mwenyeji pamoja na asidi za mafuta, vitu ambavyo washindani wake hawavipati kirahisi. Amri ile ya kumwaga maji inamwandalia pia chakula.

Zanzibar inaujua ugonjwa huu kwa karne mbili. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya Afrika Mashariki, akifuatilia jinsi ulivyosafiri na majahazi na misafara ya bara. Mwaka 2009 ikawa zamu ya visiwa hivyo kutoa habari njema. Maelfu ya watu wa Unguja na Pemba walinyweshwa chanjo iitwayo Dukoral, ambayo ndani yake, pamoja na bakteria waliouawa, mna vile vipande vitano vya sumu vya kushika tu, bila kile cha sita. Mwili unajifunza kukitambua kinachopiga hodi kabla hakijaweza kuingia. Matokeo yalichapishwa 2012: kinga ya asilimia 79 kwa waliomaliza dozi mbili, na hata majirani wasiochanjwa walipata nafuu.

Chanjo zinazotumika zaidi leo katika akiba ya dunia, iliyoanzishwa 2013, hazina vipande vile. Ni bakteria waliouawa peke yao, kwa sababu ni rahisi zaidi na hazihitaji maji maalumu ya kuchanganyia. Mahitaji yalizidi uzalishaji kiasi kwamba Oktoba 2022 ilitangazwa kuwa katika milipuko itolewe dozi moja badala ya mbili, ili angalau wengi zaidi wapate.